Akili mnemba inayolinda Wi-Fi ilisomea wapi?

Siku hizi mtambo wa ulinzi wa mtandao usipotajwa akili mnemba hauuziki. Mimi siipingi. Ninachouliza ni kwamba hiyo akili ilifunzwa kwa data za wapi.

Tafiti nyingi za kugundua uvamizi kwenye Wi-Fi hutumia AWID, mkusanyiko wa data za Wi-Fi uliokusanywa maabarani na watafiti wa Chuo Kikuu cha Aegean, Ugiriki. Kazi nzuri. Sasa ilete Kariakoo. Umeme umekatika mchana, umerudi ghafla: ruta za jengo zima zinawaka pamoja, mamia ya simu zinaomba kuunganishwa dakika hiyohiyo. Modeli iliyozoea utulivu wa maabara inaweza kudhani tumevamiwa. Muuza vitenge wa ghorofa ya pili anajua ni umeme tu umerudi.

Halafu kuna hesabu ambayo mtafiti wa usalama wa kompyuta Stefan Axelsson aliieleza tangu 1999. Tuseme mtandao wenu unapitisha fremu (vipande vya data vinavyorushwa hewani) milioni 1 kwa siku, karibu zote halali, na mtambo unakosea asilimia 1 tu. Hizo ni kengele 10,000 za uongo kila siku! Kijana wa IT, ambaye ndiye huyohuyo anayefunga kamera na kurekebisha printa, atazizima kabla ya chakula cha mchana, na sitamlaumu.

Mashambulizi mengine hayahitaji akili yoyote. Lile la kukutoa mtandaoni kwa ujumbe unaojifanya umetoka kwenye ruta lilipatiwa kinga mwaka 2009, na WPA3, kiwango cha usalama wa Wi-Fi cha 2018, inailazimisha. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, iwashe kinga hiyo.

Mahali ninapoiona faida ya akili mnemba ni kwenye Wi-Fi pacha. Mtu anakaa mgahawani Sinza na kompyuta yake, anarusha mtandao wenye jina lilelile la mgahawa. Jina huigwa kirahisi, hata anwani ya kifaa. Nguvu ya mawimbi ya ruta halisi, ikipimwa kutoka kona kadhaa za ukumbi, ni ngumu zaidi kuiga, na modeli iliyojifunza palepale ina cha kulinganisha.

Kwa hiyo muuzaji akija na asilimia zake za usahihi, mwambieni aufunge mtambo jengoni kwenu mwezi mzima kwa majaribio, ikiwezekana kipindi cha mgao wa umeme, kisha azihesabu kengele mbele yenu. Na aeleze taarifa za simu za wateja anazihifadhi wapi, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ipo.