Habari za Saa Moja Zinanikuta na Povu

Runinga yetu ina kisirani na mimi. Nikikaa mbele yake tangu alasiri itanionyesha tangazo la sabuni, tangazo la mkopo wa simu, na mheshimiwa fulani akikata utepe wa choo cha shule. Nikishavua shati tu na kufunga mlango wa bafu, mambo yanaanza kutokea. Waziri anafutwa. Goli linaingia. Bei ya mafuta inatangazwa.

Na msiniambie nioge saa nyingine. Mtu wa Nairobi hapangi saa ya kuoga, hupangiwa. Maji ya mfereji kwetu yana siku zake, na siku yakija, mfereji unaanza kukohoa inapokaribia saa moja jioni, papo hapo taarifa ya habari ya Kiswahili ikianza. Ukisema utangoje ile ya Kiingereza ya saa tatu, saa tatu itakukuta maji yamekwenda na stima imeyasindikiza. Basi chagua: uwe msafi au ujue nchi inaendaje.

Wapo watakaosema, si ujifunge taulo utoke mbio uone? Mama mkwe yuko sebuleni. Alikuja kututembelea wiki moja, wakati wa Pasaka. Sasa hebu nielezeni mwanamume atapitaje mbele ya mama mkwe na taulo, miguu inachuruzika maji, eti anafuata kona ya mpira.

Nilijaribu kuwatumia watoto. Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, hutangaza bei mpya za mafuta. Mimi sina gari, lakini napanda la mwenye gari, na makanga hajawahi kupitwa na habari ya bei kupanda. Ile ya kushuka ndiyo huwa haimfikii.

"Wambo! Petroli wamesema ngapi?"

"Nani?"

"Hao wa TV!"

"Wamesema imebadilika."

"Imepanda ama imeshuka?"

"Sasa ni tangazo la unga, Baba."

Hapo ndipo niliposhuka Luthuli. Kama kuna kitu kinachotoa sauti na hakipatikani Luthuli Avenue, basi hakijaundwa. Kila duka limefungulia muziki wake kwa nguvu zote, na wewe unatakiwa usimame katikati ya vurugu hiyo useme ni spika gani ina sauti safi. Nilimweleza fundi mmoja shida yangu. Akanitazama kwa huruma.

"Mzee, waya ndiyo mwisho wa maneno. Waya haukatiki, waya hauchelewi."

Kweli kabisa. Lakini upite wapi? Ukutani huwezi kutoboa. Keateka wetu ukimwambia choo kimeziba atakuja baada ya mwezi, ila akisikia drili anakuwa mlangoni kabla vumbi halijatua, na pesa zako za diposti ameshazihesabu upya. Chini ya mlango nao waya utakatiza koridoni, anakopita nani usiku? Mama mkwe. Yaani nimwangushe mzazi wa watu kwa sababu ya taarifa ya habari, halafu nikaeleze nini kwenye kikao cha ukoo? Na bafuni hakuna soketi, wala nisingeitaka. Volti 240 na miguu yenye maji ni mambo mawili yasiyosalimiana.

(Zamani mambo yalikuwa rahisi. Kulikuwa na redio zenye bendi ya TV, unasikia sauti ya runinga bila runinga. Mitambo ya analogi ilipozimwa mwaka wa 2015, bendi hiyo ikabaki kunguruma bure. Maendeleo hayo.)

Basi fundi akanitolea spika ndogo ya Bluetooth, ya betri. Akanionyesha maandishi mgongoni: IPX7. "Hii maji haiogopi, mkubwa. Unaizamisha mita moja, nusu saa nzima, unaitoa bado inaimba." Mita moja! Nairobi hii? Ningekuwa na maji ya kina cha mita moja ningekuwa naoga saa moja kweli?

Nikailaza juu ya kidirisha cha bafu. Boksi linasema inashika hadi mita 10, na kutoka TV hadi bafuni kwetu ni hatua chache tu. Boksi halikuambiwa habari za mawe ya Ndarugo. Kuta hizi ni mawe ya inchi 6 yaliyopigwa simiti juu na vigae upande wa bafu, na mawimbi yanafika yakiwa hoi. Nilichokipata ni hiki: "Bei ya petroli ya supa ime... kkk... kwa shilingi... kkk... huku mafuta ya taa yakisalia... kkk... na sasa michezo."

Halafu nikagundua kwamba mwenye kukata sauti ni mimi mwenyewe, tumbo langu. Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahazi 2.4, na maji huyameza mawimbi hayo. Zaidi ya nusu ya mwili wa binadamu ni maji. Nikisimama kati ya mlango na spika, habari zinaishia kwenye kitambi. Kwa hiyo siku hizi naoga nimejibanza ukutani, tumbo nimelivuta ndani, mkono mmoja juu, kama kondoo anayekatwa sufu. Mgongo haujaguswa na sabuni tangu nijue nchi inaendaje.

Nikadhani yameisha. Kumbe TV yetu ina sauti moja tu ya kugawa: ikiituma bafuni, sebuleni inanyamaza kimya. Mlango ukagongwa. Ni mke wangu.

"Baba Wambo, Mama anauliza kwa nini watu wa TV wanapanua midomo na hawasemi."

"Mwambie ni mitambo."

"Amesema alikuwa anafuata tamthilia yake. Yule msichana alikuwa karibu kumtaja baba wa mtoto."

Jambo la kuniudhi ni kwamba mimi ndiye niliyesikia baba wa mtoto ni nani, wala sikumtaka. Nikarudi Luthuli nikauziwa kadude kengine, ka kuchomeka kwenye lile tundu la nyuma ya TV linalowaka taa nyekundu. Lile hutoa sauti bila kuinyima sebule. Sasa wote tunasikia.

Tunasikia, ila hatusikii pamoja. Sauti ya Bluetooth huchelewa kidogo, tuseme sehemu ya tano ya sekunde, na kwa mtu asiyeona picha hiyo si neno. Tatizo ni majirani wa ploti. Agosti 2025, Harambee Stars wakipiga penalti na Madagascar pale Kasarani kwenye robo fainali ya CHAN, wa nyumba ya chini mwenye antena alianza kuguna kabla mpigaji wetu hajapiga. Wa dishi akafuata. Nikabaki ndani ya povu nikingoja kwa heshima zote mkwaju ambao ploti nzima imeshaufanyia mazishi. Kijana wa juu anayetazama kwa intaneti alikuwa bado anashangilia mechi tukiwa tumeanza kulaumu kocha.

Na rimoti iko sebuleni, msisahau. Mwenye rimoti ndiye anayeniogesha. Wambo akitaka katuni, naoga na katuni. Siwezi kuhama, siwezi kubishana, nina sabuni machoni na panya wa katuni anacheka.

Mbaya zaidi, spika hiyo haijui mwenyewe ni nani. Mama Wambo aliwahi kuiazima akipika, na tangu siku hiyo, TV ikizimwa, inaikimbilia simu yake. Juzi nimejimwagia kata ya kwanza nikasikia, kwa sauti safi isiyo na mkwaruzo hata mmoja, shemeji yangu kwenye ujumbe wa sauti: "Na huyo bwana yako bado anajifungia bafuni na redio? Dada, huyo si mzima." Habari za serikali zilikatwakatwa na mawe ya Ndarugo, lakini hiyo ilipita ukuta bila kugusa.

Ilipita na zaidi. Bafu zote za upande wetu zinapumulia kwenye ule mwanya mmoja wa katikati, unaopanda kutoka chini hadi paani. Kesho yake asubuhi nikakutana na jirani wa ghorofa ya tatu kwenye ngazi. Nikajiandaa kuomba radhi kwa makelele.

"Baba Wambo, pole na maneno ya shemeji," akasema. "Lakini jana habari zilikatika kabla ya hali ya hewa, tukashindwa kujua tuanike nguo ama tuache. Na leo kuna mpira. Utaoga saa ngapi?"