Binti yangu alijifunzia wapi kubana tumbo?

Mwezi wa saba hapa Mbeya mnaujua ulivyo, baridi mpaka watu wanakula wamejifunika vitenge, na siku hiyo nlikuwa nimepika mbalaga na maharage, ndizi katuletea mama mkwe kutoka Tukuyu, sufuria ikifunuliwa moshi unajaa jiko zima. Nikapakua. Binti yangu wa miaka 9 akaisukuma sahani taratibu akasema, mama mi leo ntakunywa chai ya rangi tu. Nikamuuliza unaumwa? Akasema hapana, nakata tumbo.

Nilibaki nimeshika upawa. Hilo neno ni langu. Tangu mwezi wa tano nlikuwa najiandaa na send-off ya mdogo wangu, sare tumeshanunua, fundi kanishonea gauni la kubana kiunoni, basi kila usiku naivishia watu chakula halafu mimi mwenyewe nakaa na kikombe cha tangawizi na limao. Asubuhi nasimama kwenye kioo cha kabati navuta pumzi nashika nyama ya tumbo nasema hili tumbo litaisha lini jamani. Na muda wote huo yeye yuko kitandani anafunga viatu vya shule, mi najua hanisikilizi.

Siku mbili baada ya ile mbalaga nikamkuta kasimama kwenye kiti mbele ya kioo kilekile, shati la shule kalipandisha, kavuta pumzi ndani mpaka mbavu zinahesabika, kashika kangozi ka tumbo kwa vidole viwili. Vidole vilevile ninavyotumia mimi, na akaguna kama ninavyoguna mimi. Nilirudi nyuma bila kumwambia kitu kwa sababu sikujua niseme nini.

Wengi tukiona hivi tunakimbilia kulaumu simu, na sikatai, kuna kitu hapo. Kule Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, zamani mwili mnene ndo ulikuwa mwili wa heshima, kama ilivyokuwa kwa bibi zetu huku, halafu televisheni ikaingia mkoa mmoja mwaka 1995 na daktari mmoja wa Marekani, Anne Becker, akawahoji wasichana wa sekondari mwaka huohuo, akahoji tena 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili asilimia 11 walikuwa wanajitapisha. Miaka 3 tu! Kwahiyo picha zina nguvu kweli, ila binti yangu hana simu na TV ya nyumbani ni katuni na taarifa ya habari. Picha aliyoiangalia miezi miwili mfululizo ni mimi.

Kwa mdogo wake wa kiume, ana miaka 6, hali imegeukia upande mwingine kabisa. Baba yao amekulia Mbarali kwenye nyumba ya watoto 8, usipowahi sinia unalala na njaa, na mtu wa hivyo ukimwambia mtoto kabakiza chakula unamuumiza, namwelewa kabisa. Sasa mtoto akisema baba nimeshiba anaambiwa mwanaume anakula, bado matonge matano, na akimaliza anapewa soda. Chupa ya soda ya mililita 350 ina karibu vijiko 9 vya chai vya sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linasema hata mtu mzima ni vizuri asizidishe kama 6 kwa siku nzima. Lakini mi kinachonisumbua zaidi ya hiyo sukari ni kwamba mtoto alizaliwa anajua kushiba. Hata kichanga akitosheka anaachia ziwa anageuza uso, hakuna aliyemfundisha. Sisi ndo tunamfundisha asilisikilize tumbo lake aisikilize sahani, halafu akifika miaka 12 tunamshangaa mbona huyu mtoto hajui kuacha.

Na mboga? Mume wangu figiri na mnafu anavisogeza pembeni ya sahani, hasemi kitu, anavisogeza tu. Mtoto naye anavisogeza, upande uleule. Mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa kitu mara 10 hata 15 ndo akizoee, sasa ataonja saa ngapi kama mtu anayemuona shujaa wake hakigusi. Na mimi nlikuwa na kosa langu, biskuti nafungia kabatini naweka funguo kwenye pochi, nikidhani namlinda. Kuna mtafiti wa Marekani, Leann Birch, alifanya kazi hii miaka mingi na watoto wadogo, akaona chakula ukikizuia wakati mtoto anakiona ndo anazidi kukitamani, na akikipata anakila hata kama hana njaa. Nilivyosoma hilo nikaukumbuka msiba mmoja Iyunga, mwanangu alivyozimalizia biskuti za wageni kona ya nyuma ya turubai, haraka haraka, macho yanaangalia mlango.

Halafu kuna maneno yetu ya salamu. Huku kwetu mtu hajakaa hata chini ameshaambiwa umenenepa au umekonda. Bibi yao akija anamshika binti mkono anasema mke mwenzangu mbona umekuwa kijiti, mama yako anakunyima chakula? Anasema kwa mapenzi, kwake kunenepa ni kusema nyumba ina amani. Siku hiyohiyo mjomba anapita anamwita wa kiume bonge, wote tunacheka, na mtoto anacheka pia kwa sababu afanyeje. Mpwa wangu wa miaka 13 aliambiwa mbele ya ukoo mzima kwamba mapaja yake yamezidi umri wake. Ameacha netiboli tangu siku hiyo, anasema ile sketi fupi, na alikuwa anaipenda netiboli huyo mtoto kuliko kitu chochote.

Mtu atasema haya ni mambo ya watu walioshiba. Hapana. Sisi mikoa ya huku ndo tunalisha nchi, mchele wa Kyela, viazi, mahindi, parachichi, maziwa, lakini utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulionyesha udumavu kwa watoto chini ya miaka 5 Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, wakati taifa zima ni 30. Zina sababu nyingi hizo namba, maji, magonjwa, kazi za shamba zinazomtoa mama alfajiri mtoto akabaki na kiporo cha ugali. Ila sahani ya mkubwa nayo imo. Nimekaa kwenye nyumba Rungwe parachichi zote zimepelekwa kwa mnunuzi, mayai yameuzwa, finyango za nyama zimewekwa kwa baba, mtoto kapewa ugali na mchuzi na wanasema kashiba, na kweli tumbo limejaa. Kwenye nyumba hiyohiyo mama anahangaika na uzito. Huyo kadumaa huyu kanenepa, na jiko ni moja.

Maumbile ya kurithi yapo pia, sisemi kila mtoto mnene kaharibiwa na wazazi, kuna familia ni wanene na wana afya zao, waacheni. Nnachosema ni kile tunachokishika sisi wenyewe.

Mimi nimeanza na sahani yangu. Usiku napakua kama wengine, nakaa, nakula, na kuhusu tumbo langu sisemi neno mbele ya watoto. Kabati halifungwi tena. Mume wangu tumekubaliana wakubwa tuchague kitapikwa nini na saa ngapi, wao waseme wameshiba lini, na anajitahidi, wiki iliyopita mtoto alibakiza nusu ya wali na yeye akanyamaza japo nilimuona vidole vinagonga meza. Bibi bado anasema yake, tutafika tu.

Na Jumamosi nilirudisha gauni kwa fundi pale Soweto ya hapa Mbeya, nikaenda na binti makusudi. Nikamwambia fundi liachie kiunoni, linanibana siwezi kukaa. Fundi akageuza mshono akasema mama mbona kitambaa kipo, nilikuachia humu ndani. Binti akaushika ule upindo akaupima kwa vidole, akaniuliza kwahiyo utakula kwenye sherehe? Nikamwambia ntakula. Akasema basi tukae wote meza moja.