Refa, Nimeona kwa Macho Yangu!

Kabla ya yote naomba ieleweke kwamba nilikuwa najua. Nilijua kuwa mieleka ya ulingoni ni maigizo, kwamba mshindi anapangwa nyuma ya pazia, na kwamba yule anayegaagaa ameshika kiuno atakuwa anakula chipsi baada ya nusu saa. Utotoni sikujua. Miaka ya tisini, Temeke, kwenye kibanda cha video, nilivunja urafiki na mtoto wa jirani aliyesema mwanamieleka Undertaker si maiti. Tulikaa wiki tatu hatusalimiani. Lakini sasa nimekua, nina mtoto wa miaka tisa, nalipa kodi ya halmashauri. Mtu anayelipa kodi ya halmashauri hadanganywi na mtu aliyevaa chupi ya kung'aa.

Kwa hiyo Jumamosi ile, kwenye basi hapa Leicester, Uingereza, mimi ndiye niliyekuwa natoa mhadhara. "Sikiliza mwanangu, wale hawapigani kweli. Wamepatana. Ukiona mtu kapigwa kiti, usilie, sawa?"

Mwanangu alikuwa anatazama dirishani kama mtu anayeelezwa kwamba bahari ina maji. "Sawa baba," akasema. "Na wewe usilie."

Tiketi tulipewa na jirani yetu, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Kampala. Mwanangu humwita Babu Soksi, kwa kuwa alifanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha soksi. Aliingia mji huu mwaka 1972 akiwa kijana mdogo, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda. Halmashauri ya Leicester wakati ule ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, kuwasihi wasije huku, mji umejaa. "Baba yangu iko soma ile tangazo," Babu Soksi hupenda kusimulia, "iko sema, Leicester! Kumbe iko mji naitwa Leicester!" Wakafunga mizigo. Kiingereza akajifunzia kwenye televisheni ya ITV, kila Jumamosi saa kumi jioni, mieleka ikioneshwa kabla ya matokeo ya mpira. Mpaka leo mtu akimrukia foleni dukani, yeye humtangazia pambano.

Kwake yeye mieleka ya maana ilikwisha mwaka 1988, ITV ilipoiondoa. Hawa wa siku hizi anawaona wanasarakasi tu. Haendi kutazama. Anaenda kuzomea.

Ukumbi ulikuwa ule unaotumika kwa harusi na kuchangia damu: viti vya plastiki, harufu ya bisi, na katikati ulingo ambao mtu akiangushwa juu yake mbao za chini zinalia kama ngoma. Tulikaa mstari wa mbele kabisa. Kati yetu na ulingo palikuwa na uzio mwepesi wa chuma, na tangazo la kwanza kabisa lilikuwa kwamba hakuna kuuvuka na hakuna kugusa wapiganaji. Babu Soksi akacheka. Enzi zake, anasema, mabibi wa miaka sabini walikuwa wanakuja na miavuli na mikoba mizito mahsusi kwa ajili ya kumchapa adui anapopita. Alinieleza habari za Mick McManus, adui aliyechukiwa Uingereza nzima, ambaye alikuwa hodari wa kila uchafu lakini ukimshika masikio analia. Ukumbi mzima basi ulikuwa ukipiga kelele kumwambia mpinzani: masikio! Mshike masikio! Na Big Daddy, pandikizi la mtu ambaye jina lake halisi lilikuwa Shirley, aliyejaza Wembley Arena mwaka 1981 kupambana na Giant Haystacks, mtu wa kilo zaidi ya 200, wakamalizana chini ya dakika tatu. "Dakika tatu!" Babu Soksi akasema kwa fahari, kana kwamba yeye ndiye aliyemwangusha.

Sasa, mimi Mungu kanijalia kipaji kimoja tu, nacho ni mdomo. Nimezomea Uwanja wa Taifa, jukwaa la Simba, nikamzomea mshika kibendera mpaka akageuka kunitafuta kwa macho. Kwa hiyo alipoingia adui wa kwanza, kajitanda joho la zambarau lenye manyoya shingoni, nilisimama nikamwaga maneno kwa lugha yao, kwa mtindo wetu: "Wewe uliyevaa pazia la mama yako wa kambo, tena hukumwomba, tena hukulifua, tena ulipolichukua aliyekuona nani? Mimi hapa! Na nitasema, na ninasema..."

Nilipofika kwenye "ninasema", mtu alikuwa ameshavua joho, ameshapigwa ngwala, ameshaanguka. Ukumbi ulikuwa kimya unasubiri aamke. Sauti iliyobaki ni yangu peke yangu, inazungumzia mapazia. Mtoto mmoja akaniuliza kwa heshima kama niko salama.

"Wewe kijana iko na sauti kubwa," Babu Soksi akaninong'oneza, "lakini hapana jua kuzomea."

Na ni kweli. Kwetu kuzomea ni kazi ya fundi mmoja na wapambe wake. Kule ni kwaya. Mmoja anaanzisha maneno mawili au matatu, si zaidi, wengine wanadaka, kisha makofi: pa, pa, papapa. Nusu ya ukumbi ikimsifu huyu, nusu inajibu kwa kumponda, kwa mapigo yale yale, kama jogoo wa mtaa huu na wa mtaa ule. Mwanangu naye akaniongezea somo lake. Adui akishika maikrofoni, akitua kuvuta pumzi, ukumbi mzima unasema "Nini?" Akitua tena, "Nini?" Mambo hayo kayaanzisha mwanamieleka Steve Austin kule Marekani mwaka 2001, na tangu hapo adui mwenye hotuba ndefu hana amani. Nilijaribu. Nikasema "Nini?" katikati ya sentensi, peke yangu. Adui akanigeukia akarudia sentensi yote, polepole, kama anamhudumia mzee benki.

Watu wakacheka. Na kicheko kile, naona sasa, ndicho kilichonivuruga.

Pambano kubwa likaja: wawili kwa wawili. Maadui walikuwa yule Joho la Zambarau na mwenzake mwenye ndevu za kusuka, pamoja na meneja wao, bwana mwenye suti na fimbo. Joho akashika maikrofoni akasema ametoka Nottingham, mji jirani na mahasimu wetu. Hiyo peke yake ilitosha kuwasimamisha watu. Kisha akagusa mpira: timu yenu ilichukua ubingwa 2016 kwa bahati ambayo kampuni za kamari ziliikadiria 5,000 kwa moja, mkajiona wafalme, 2023 mkashuka daraja. Nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja mwenye sweta la maua ambaye hakuwa amesema neno tangu saa moja. Alichokisema hapo sitakiandika.

Upande wa pili walikuwa mastaringi, vijana wawili wa papa hapa mjini. Utaratibu ni huu: mmoja anapigana ndani, mwenzake anasubiri nje ya kamba kwenye kona. Hawezi kuingia mpaka aguswe mkono, na mguso lazima refa auone. Na refa wa mieleka shingo yake inageukia upande mmoja tu, upande ambao hakuna kinachotokea. Anakuhesabia mpaka tano uache kumkaba mtu. Kwenye nne unamwachia, unainua mikono kama malaika, refa akigeuka unakaba upya.

Dakika kumi zile staringi mmoja aliteswa. Huyu anamkaba, anampokeza yule. Wakampiga makofi ya kifuani, yale ya mkono wazi. Mimi nilikuwa hatua tatu hivi kutoka pale, nikaona kifua kikiota alama ya vidole vitano, kwanza vyeupe, kisha vyekundu. Hilo halikuwa limepangwa na mtu nyuma ya pazia, au kama lilipangwa, kifua hakikuambiwa. Pale ndipo ile hekima yangu ya kwenye basi ilipoanza kuchuruzika. Staringi akatambaa. Mwenzake kanyoosha mkono mpaka kidole cha mwisho. Watu wanapiga miguu chini, viti vinatembea. Akatambaa tena. Akaruka. Akamgusa!

Na refa? Refa alikuwa kule anabishana na Ndevu. Akageuka, akamkuta mgeni ulingoni, akamwamuru atoke. Sikuona mguso, akasema kwa ishara ya mikono. Hakuna.

Nikajikuta nimesimama, tumbo juu ya uzio. "Refa! Refa! Amemgusa! Nimeona kwa macho yangu! Na huyu mtoto ni shahidi!"

Mtoto akavuta kofia ya sweta mpaka puani.

Refa akaja kwenye kamba, akachuchumaa mbele yangu. Kijana mdogo tu, jasho limemkaa juu ya mdomo. "Bwana, tafadhali kaa chini." Nikamwambia siwezi kukaa chini wakati haki haijatendeka. Akanitazama kidogo, si kwa hasira, zaidi kama mtu aliyeletewa chai kabla hajaagiza. Kisha akainua sauti, akaanza kunitikisia kidole, na huku mabega yake yakijipanga taratibu mpaka mgongo wote ukaelekea ulingoni. Na mimi, wakili, nikaendelea na ushahidi: ulikuwa mkono wa kushoto, kiganja kwa kiganja, sauti ilisikika, muulize mama wa sweta.

Pembeni nikamwona yule meneja. Alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ukingo wa ulingo, anapanda, mdomo ameshaufungua apige kelele. Akaniona. Akamwona refa. Akabaki hivyo hivyo, kama mkulima aliyefika shambani na jembe begani akakuta pameshalimwa. Akashusha mguu, akavuta tai vizuri, akamrushia Joho la Zambarau ile fimbo.

Ukumbi wote ukapasuka: "Nyuma yako! Nyuma yako!" Waingereza wanafundishwa kelele hiyo tangu utoto, kwenye maigizo ya Krismasi. Walikuwa wanamwambia refa.

Mimi nikageuka kutazama nyuma yangu.

Nyuma yangu alikuwa yule mama wa sweta, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikasikia ko! ya fimbo, nikasikia mtu akianguka, na nilipogeuka refa alikuwa ameshalala kifudifudi anapiga sakafu kwa kiganja. Moja. Mbili. Tatu. Kengele.

Kama sekunde mbili hivi hapakuwa na sauti. Kisha kona ya mbali, mtu mmoja akaanzisha, na nikajua kwaya imepata wimbo:

"Kosa lako!" Pa, pa, papapa. "Kosa lako!" Pa, pa, papapa.

Watu kama mia tatu. Bibi kizee wa kiti cha magurudumu alikuwa ananionesha kwa kidole, kwa mapigo sahihi. Nikamgeukia Babu Soksi anisitiri. Babu Soksi alikuwa anapiga makofi. "Kosa lako!" ananiimbia usoni, macho yanang'aa, kijana kabisa. Na maadui nao hawakuniacha. Joho akashuka, akaja mpaka kwenye uzio, akanikumbatia. Ananuka mafuta ya nazi. Akaninyanyulia mkono juu kama mwenzake wa siku zote. Hapo ndipo nilipopata kuzomewa kwelikweli. Bisi zikaruka. Nikamkumbuka yule mshika kibendera wa Uwanja wa Taifa, popote alipo.

Wakati wa mapumziko wapiganaji wanakaa mezani wanauza fulana na picha. Nilipita nimeinamisha kichwa, lakini mwanangu alikuwa ameshasimama kwenye meza ya maadui anachagua saizi. Yule meneja mwenye fimbo akaniinamia. Mezani alikuwa na sauti ya upole kabisa, kama karani wa posta.

"Kwa kawaida ile kazi ni yangu," akasema.

Nikamwomba radhi.

"Hapana, hapana. Goti langu linauma, siku hizi kupanda ni shida." Akatazama kulia na kushoto. "Tuna onyesho lingine mwezi ujao. Utakaa kiti kile kile?"

Fulana ilikuwa pauni ishirini. Sikupunguziwa.

Kwenye basi hakuna aliyenisemesha. Babu Soksi alikuwa anajiimbia chini kwa chini, pa, pa, papapa, kwa kidole kwenye goti. Tulipoingia nyumbani mke wangu alikuwa jikoni anakaanga vitumbua vya kesho. Akauliza bila kugeuka, nani kashinda?

"Baba," mwanangu akajibu, anavua viatu. "Yeye na wale wabaya."