Kura kwa Kilo Nne za Sambaza

Katika programu yetu ya kuuza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hapa Bukavu, msimbo tunaandika kwa Kiingereza, ujumbe wa wateja kwa Kifaransa, ugomvi kwa Kiswahili. Ugomvi wa wiki ile ulihusu herufi.

Mwenzetu mmoja alisoma Kampala, anaandika colour na centre kama Mwingereza. Yaya, mkubwa wetu, kajifunzia video za Wamarekani: color, center. Mimi nilikuwa upande wa Kampala, maana hata couleur ya Kifaransa ina u yake, na ndugu haachwi njiani. Lakini Yaya alikuwa na hoja nzito. CSS, lugha ya kupamba kurasa, inajua color tu tangu 1996. Ukiiandikia colour, kivinjari hakigombi. Kinauruka mstari wako kimyakimya, nawe unabaki kushangaa rangi imekwenda wapi. Kijivu pekee ndicho kilichopata amani: gray na grey zote zinakubaliwa.

Jioni Yaya akaamua kuifunga kesi. Akatunga amri: mradi mzima, kila neno linaloishia na -tre liishie na -ter. Centre ikawa center, litre ikawa liter. Akaenda zake Nguba kulala.

Amri haikuuliza hii ni lugha ya nani. Asubuhi wateja wakapokea: "Voter commande, quater kilos de sambaza, est prête." Tulikusudia: oda yako, kilo nne za sambaza, iko tayari. Lakini votre, yaani yako, ilikuwa imegeuka voter, yaani kupiga kura.

Mama mmoja wa Kadutu akapiga simu.

"Wanangu, kura ya nini tena? Mimi niliagiza sambaza."

"Utusamehe Mama, ni herufi zimepinduka."

"Na kilo zangu nne, zimepinduka?"

"Hapana Mama, zipo."

"Haya. Na anayegombea ni nani?"

Yaya alirudisha toleo la jana kabla chai haijapoa, ila SMS ikishaondoka hairudi. Tukakubaliana: msimbo uandikwe Kimarekani, na faili za Kifaransa mtu asiziguse. Mwenzetu wa Kampala alinuna hadi saa sita.

Mchana akaingia mzee mmoja, kavaa koti, akaweka mezani kadi yake ya mpiga kura. Kwetu hiyo ndiyo kitambulisho cha kila siku, hivyo hatukushtuka. Akakohoa kidogo, akasogea karibu:

"Vijana, sambaza mnagawa kabla ya kura au baada?"