Wati 4 zinatosha kweli? Amplifaya ya valvu kwa spika zenye sensitiviti kubwa na mfuko mdogo

Ukitaja tu amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti badala ya transista) ya wati 4 lazima atokee mtu wa kucheka, eti kwa hela hiyo hiyo si unapata ya transista ya wati 50 na chenji inabaki? Ni kweli unapata, tena ina utulivu na haichomi umeme hovyo. Ila huyo jamaa hajauliza spika ni zipi, na kesi yote ipo hapo.

Spika nyingi za nyumbani zinatoa kama desibeli 87 kwa wati 1, ukipima mita 1 mbele yake, na hiyo ndo sensitiviti. Zile za honi zinaweza kufika 97 au kupita. Tofauti ya 10 inaonekana ndogo, lakini kila desibeli 3 ni wati mara mbili, kwa hiyo 10 ni mara kumi, yaani kazi ya wati 40 kule huku inafanywa na wati 4. Sasa kaa mita 3 na spika zako mbili za 97. Desibeli 80 pale ulipokaa, na hapo ukitaka kuongea na mtu unapaza sauti, kila moja inakula kama sehemu moja ya kumi ya wati. Hiyo tu! Ngoma ikipigwa ghafla ikapanda desibeli 15 juu ya hapo unahitaji mara 32 hivi, ndo wati 3 na ushee. EL84, aina ya valvu ndogo, ukiweka moja kila upande inatoa wati 4 hadi 5, imefika, japo kwa kubanana.

Wanaopinga wana hoja mbili za maana. Kwanza mngurumo wa umeme, spika inayoitikia wati kidogo hivyo itakuimbia kila uchafu wa power supply, na amplifaya za bei ya chini ndo hubania hapo. Pili, valvu moja moja bila fidibeki (sehemu ya sauti inayorudishwa nyuma ili amplifaya ijisahihishe) inaishika woofa kilegevu, besi inavimba kwenye baadhi ya spika. Joto na valvu kuchakaa ni kweli pia ila hayo unayajua ukinunua.

Kinachonisikitisha ni mtu mwenye hela kidogo kukimbilia 300B, valvu nyingine maarufu, kwa sababu ya jina. Inatoa wati 8 hivi, sawa, lakini valvu zenyewe zinameza bajeti halafu transfoma ya sauti, ile inayokaa kati ya valvu na spika, inakuwa kapi, na kwa mpangilio wa valvu moja transfoma inabeba mkondo wa DC (umeme wa upande mmoja) muda wote kwa hiyo lazima chuma kiwe kikubwa. EL84 mbili kila upande kwa pushi-puli, yaani moja inasukuma nyingine inavuta, zinafuta huo DC na sehemu ya mngurumo, chuma kinaweza kuwa kidogo bila kuharibu besi, unapata wati 12 au zaidi, na valvu mpya bado zinatengenezwa. Kwa bajeti finyu mimi ningechukua hiyo bila kuumiza kichwa.

Kabla hujalipa iunganishe na spika zako wewe, sio za muuzaji (na usiiwashe bila spika, transfoma inaweza kuungua). Volyumu sifuri, mziki hakuna, kaa unapokaaga siku zote. Mngurumo ukisikika tu ukiweka sikio kwenye koni ni kawaida, ukikufuata hadi kwenye kiti irudishe.