Tanuri moja, mabwana wangapi? Wafinyanzi wa La Graufesenque

Katika karne ya 1 BK, La Graufesenque, jirani na mji wa leo wa Millau kusini mwa Ufaransa, palitoka vyombo vyekundu vya mezani vilivyofika Uingereza na Pompeii. Tanuri likichomwa mara moja tu liliweza kubeba vyombo vipatavyo 30,000. Kwa idadi hiyo, wengi huona kiwanda: tajiri mmoja, watumwa, msimamizi. Hoja yao ina uzito. Sahani zenye mihuri ya mafundi tofauti zinalingana umbo na vipimo. Tena Arezzo, Italia, ambako ufinyanzi huu ulitangulia, mihuri mingi ina jina la mtumwa pamoja na la bwana wake.

Lakini wafinyanzi wa La Graufesenque wametuachia hesabu zao. Zimekwaruzwa juu ya sahani, Kilatini na Kigaule (lugha ya wenyeji wa Gaule, Ufaransa ya kale) vikichanganyika: jina la mfinyanzi, aina ya chombo, ukubwa, idadi. Mstari huu wa Castus, ule wa Felix. Kama mali yote ni ya bwana mmoja, ya nini kutenganisha? Utasema hata tajiri anayelipa kwa idadi ya vyombo angeihitaji hesabu hiyo. Sawa, ila huyo angehesabia karakanani. Hizi ni hesabu za tanuri, na baadhi zinataja hata ni uchomaji wa ngapi.

Mimi naamini tanuri lilikuwa la wafinyanzi kwa pamoja, na kinachonishawishi ni moto wenyewe. Wekundu ule unaong'aa huharibika moshi ukigusa chombo, kwa hiyo joto lilipitishwa kwenye mabomba ya udongo, tanuri likikaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi. Tanuri la namna hiyo hula kuni nyingi, na kulichoma likiwa nusu tupu ni hasara. Mfinyanzi mmoja angelijaza lini?

Kushirikiana moto, hata hivyo, hakukuwafanya watu kuwa sawa. Hesabu nyingine ya hapo hapo inaorodhesha watumwa na kazi walizopangiwa, zikiwamo za udongo na za sokoni.

Bado kuna suala la vipimo kulingana. Pompeii, mji wa Italia, ilipofukiwa na volkano mwaka 79, ilifukiwa na kasha la bakuli 90 za huko Gaule, halijafunguliwa, limechanganywa na taa za Italia. Mfinyanzi wa Millau hakufunga kasha hilo. Ni kazi ya mfanyabiashara. Aliyeamua bakuli liwe na upana gani, ningeanza kumtafuta miongoni mwa wanunuzi wa jumla kama huyo.