Mwenye nyumba, mpangaji na maji ya Usangu

Mjomba wangu yuko Ubaruku kule Mbarali, bonde la Usangu, analima mpunga, na kila nikimpigia lazima aniulize swali ambalo sijajiandaa nalo. Juzi nilikuwa nimesimama kwenye tuta la mfereji hapa hifadhi ya wanyama ya Loxahatchee, karibu na Boynton Beach, Florida, namwonyesha kwa video mamba kalala juani na maji yanaenda mpaka macho yanachoka. Akaangalia weee, halafu akasema, "Sasa we mjomba, hiyo hifadhi ni ya nani?"

Nikababaika. Maana ndege na wanyama wanaangaliwa na serikali kuu ya Washington, ila ardhi sehemu kubwa ni ya jimbo, iko chini ya mamlaka yao ya maji ya kusini mwa Florida, na tangu 1951 Washington wamepangishwa hapo ekari zaidi ya 140,000. Yaani baba mwenye nyumba ni jimbo, mpangaji ni serikali kuu. Halafu pampu na mageti mengi anayeyaendesha ni huyo mwenye nyumba, kwa ratiba ya kina cha maji iliyopangwa na wahandisi wa jeshi, ambao nao ni wa Washington. Mjomba akacheka mpaka simu ikatetemeka.

Nilivyofika huku nami niliona ni vurugu tupu. Nyumbani tumezoea serikali ni moja, maji yake, wanyama wake, ardhi yake, akisema waziri imetoka hiyo. Sasa baada ya miaka kumi na moja nimebadilika kidogo, ngoja niseme kwa nini.

Kaskazini ya hii hifadhi kuna mashamba ya miwa makubwa kweli kweli, na maji yake yalikuwa yanasukumwa humu yakiwa na fosforasi (kirutubisho kinachokuza mimea) ya kutosha tu, matete yakashamiri yakafukuza zile nyasi za asili zenye makali kama msumeno. Mwaka 1988 mwanasheria wa serikali kuu pale Miami, Dexter Lehtinen, akaishtaki mamlaka ya maji ya jimbo, na inajulikana kwamba hata wakubwa zake Washington hakuwaomba ruhusa. Jimbo likabishana likalipa mawakili miaka na miaka, mpaka 1991 gavana Lawton Chiles akaingia mahakamani mwenyewe akasema anasalimisha upanga wake, aambiwe tu ampe nani. Kilichofuata ni mabwawa ya kuchuja maji zaidi ya ekari 57,000, na kiwango cha fosforasi kwa ule uoto wa asili kikawekwa sehemu 10 kwa bilioni, na mahakama ikabaki inafuatilia. Kwetu tunasema wapiganapo tembo nyasi huumia, ila hapa nyasi ziliumia kwanza ndo tembo wakaanza kupigana.

Na msidhani Washington ndo malaika. 2016 kibao kikageuka, mwenye nyumba akampa mpangaji notisi! Kisa ni kangaga fulani anayetambaa, anapanda miti anaifunika yote inakufa, na jimbo likasema mlikubali kumdhibiti hamkufanya, tutawatoa. Kuna waliosema hiyo ni njama ya jimbo kujinasua na masharti ya maji safi, mi sishangai. 2018 wakaafikiana upya. Huyo kangaga, kwa taarifa yenu, asili yake ni Afrika, Asia na Australia, kwa hiyo mhamiaji mwenzangu, nikimwona juu ya mti najisikia aibu kidogo.

Sasa turudi Usangu. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka mwaka mzima, kuanzia 1993 ukawa unakauka kiangazi. Mabwawa ya Mtera na Kidatu yanataka maji ya umeme, viboko wanayataka, skimu za mpunga zinayataka. 2001 waziri mkuu Sumaye akaahidi akiwa London kabisa kwamba ikifika 2010 mto utatiririka tena mwaka mzima. 2006 mpaka 2007 wafugaji wakaondolewa na ng'ombe wao, wengine wakaishia Lindi na Rufiji, 2008 Ihefu, ile ardhioevu ya Usangu, ikaingizwa ndani ya hifadhi ya Ruaha. Na mto bado ukawa unakauka. Kumbe kuna watafiti walishaandika kwamba mgao wa umeme ulichangiwa na jinsi mabwawa yalivyoendeshwa, sio banio (mlango wa kuchepushia maji ya mto kwenda shambani) la mkulima wa juu peke yake. Ila nani angesimama mahakamani kulisema hilo? Bonde la maji ni la serikali, umeme wa serikali, hifadhi ya serikali, ndugu wa baba mmoja hawashtakiani, aliyebaki nje ya familia ni mtu mwenye ng'ombe na mtu mwenye jaruba.

Sisemi tuwe na majimbo, sitaki kurushiwa mawe, na huku hizo kesi zimekula hela na miaka ambayo sisi hatuna. Ninachokitamani ni kidogo tu, kwamba anayepima maji asiwe na bosi mmoja na anayeyatumia, na vipimo vya kila banio na kila bwawa vibandikwe pale ofisi ya kijiji watu wasome. Huku mi mbeba boksi tu naingia mtandaoni naona leo maji ya Loxahatchee yamefika wapi.

Nikamweleza mjomba yote haya, bando langu likakaribia kuisha. Akakaa kimya, nikadhani imekata. Kisha akauliza, "Na hao wa miwa, wao waliondolewa?"

Hawakuondolewa mjomba. Bado wanalima.